Kushona Majina

Winnipeg, Januari. Theluji imepanda hadi kwenye kizingiti cha dirisha,
nami chini huku, chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee,
nashona lebo kwenye kola, nguo ya huyu isivaliwe na yule.
Perlmutter. Zilberfarb. Feigelson. Nudelman.
Ulimi wangu wa Pangani unajikwaa, unaomba radhi, unaendelea.

Bi Gitel Nudelman kashuka na kiti chake cha magurudumu
kudai soksi ya kushoto.
Haipo. Basi anakaa, ananisomea kikapu:

"Perlmutter ni lulumizi, ile ya vifungo.
Zilberfarb, rangi ya fedha; fedha yenyewe hawakuiona.
Feigel ni kindege. Alikuwa mjane, akiuza samaki wa chumvi.
Wanawe walipoulizwa ni wa nani,
soko zima likajibu: wa Kindege.
Ukoo mzima huo umetagwa na mama mmoja."

Na Nudelman?

Anacheka hadi blanketi linateleza.
"Mjerumani akilisoma anaona tambi.
Kwa Kiyidishi cha kwetu ni sindano: mtu wa sindano.
Baba alishikilia kwamba karani wa Kaisari alitaka hongo;
mwenye nacho akapewa waridi, mkata akachomwa na hii.
Shangazi Brokhe akamkatiza: uongo mtupu!
Babu alikuwa anashona suruali, karani akaona, akaandika.
Nimwamini nani? Mimi huchagua kwa hali ya hewa."

Kisha kidole chake kwenye beji yangu: Mbwana.

Huyo ni babu, nasema. Fundi bati.
Kwetu jina hutembea: langu, la baba, la babu,
likifika hapo linapumzika.
Fomu ya uhamiaji ikadai jina la ukoo.
Kisanduku kilikuwa kitupu, foleni ndefu nyuma yangu.
Babu akawa ukoo akiwa kaburini, bila kuulizwa.

"Karani wako alikuwa nani?"

Mimi mwenyewe.

Kimya. Mashine inazungusha mashuka.
Ananyosha mkono, nimpe sindano.
Tundu halioni; namtungia uzi.
Anashona lebo yake mwenyewe, upande,
mishono mikubwa kama ya mtoto,
anakata uzi kwa meno.

Soksi tuliipata Alhamisi,
ndani ya foronya ya Zilberfarb.