Kilango cha Juu ya Dari

Wodi namba nne wanasema hakuna hewa.
Hewa ipo. Niliisikia tangu ngazini
ikivuma ndani ya bati kama mtu anayeomba dua kimoyomoyo,
ila haifiki.

Nikapanda, mimi Nyevu wa Kahindi,
spana kibindoni, tochi kipajini,
nikatambaa juu ya dari ya hospitali, hapa Malindi,
katikati ya vumbi, waya na mayai ya mjusi.
Chini yangu mtu alikohoa. Nikahesabu: mara saba.

Wengi hudhani feni ndiyo kila kitu.
Feni ni nguvu tu, inasukuma,
haijui inamsukumia nani.
Anayegawa ni hili bamba,
pana kama sinia, limekaa ndani ya mfereji:
likisimama linaziba, likilala linapisha,
na kazi yetu yote iko hapo katikati,
nyuzi thelathini huku, sitini kule,
na wodi ya kifua hewa yake itoke nje moja kwa moja,
kikohozi cha mzee kisije kikalala na mtoto wa siku mbili.
Hewa ya jengo ni birika moja;
ukimjazia huyu kikombe, yule hupata majani.

Chumvi ilikwisha kuila mota.
Na bamba, nikalimulika,
limelazwa kabisa upande wa watoto njiti,
limefungwa kwa waya wa banda la kuku:
mizunguko mitatu, kisha ncha imekunjwa ndani
isimchome atakayekuja.

Nani mwingine hufunga hivyo? Jefwa.
Jefwa aliyenifundisha kushika spana.
Ile Machi mota ilipoungua,
ofisi ikasema bajeti, bajeti,
akapanda peke yake, akashuka na mikwaruzo,
na watoto wakalala.
Sikumuuliza pumzi ile kaitoa wapi.

Mwaka jana alilazwa namba nne,
kitanda cha pembeni, akijipepea kwa kadi ya kliniki.
Nilimpelekea uji. Nikasema, joto hili, mwalimu!
Akanitazama, akatazama dari,
akatabasamu.
Nikadhani anamtaja Mungu.

Nimekaa na tochi yangu pale mpaka magoti yakafa ganzi.

Kisha nikaukata waya.
Nikalisogeza bamba kidogo, nikapima kwa kiganja,
nikalisogeza tena, nikarudisha nywele moja,
kwani njiti wako saba leo, na mmoja hana hata kilo.
Mota mpya ingali Mombasa, kwenye makaratasi.
Nikafunga kwa waya wangu: mizunguko mitatu,
ncha ndani.

Chini, sauti ya muuguzi:
"Nani kafungua dirisha?"
Hakuna aliyejibu.
Mtu akakohoa.
Nilianza kuhesabu, nikaacha.