Tabaka la Kwanza

Asubuhi tunaanza na jembe. Tabaka la kwanza
halihitaji mwiko wala brashi.
Restituta ameandika daftarini: udongo wa juu, umevurugwa.
Nauchota kwa beleshi, naumwaga kando:
kizibo cha soda, betri iliyovimba,
salfa ya mikorosho, bado njano,
mafiga mawili. La tatu sikuliona.

Hapa palikuwa jiko la bibi yangu.

Sikusema. Kibarua halipwi kwa kusema.
Mwaka juzi walikuja Naumbu watu wa tathmini, wakahesabu
mikorosho thelathini na saba, minazi sita, choo kimoja.
Fomu haikuwa na safu ya mafiga.
Tukatia dole gumba, tukahamia kwa shemeji.
Sasa, kabla matanki hayajasimama,
sheria inataka ardhi iulizwe kwanza.
Ndiyo kazi yetu. Tunaiuliza kwa chekecheo.

Kwenye sentimita arobaini inaanza kujibu:
vigae, mfupa wa samaki, ushanga wa buluu
mdogo kama punje ya mtama.
Shaweji anaacha kupiga mluzi.
Kwenye mita moja na nusu, mawe meupe yenye makali.
Restituta ananipa moja. Shika hivi, anasema,
na kidole changu kinaingia mahali pake
kama mguu kwenye ndara ya zamani.

Nani alikaa hapa akachonga, akainuka, akaenda zake?
Huyo hakusubiri fidia.

Kila kitu kinapata mfuko, namba, wino usiofutika.
Nikauliza: mtu alale chini miaka mingapi
ndipo awekewe mfuko?
Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka.

Jioni, wenzangu wakinawa, nikarudi kwenye kifusi.
Nilichambua mpaka giza likaniuma macho,
nikakipata: kipande cha shingo ya chungu,
cheusi kwa masizi, kina safu ya alama za kucha,
za kidole kidogo, maana ukucha wa gumba
bibi aliupoteza kwenye mtego wa panya.
Nikachukua mfuko. Nikaandika:
Mraba wa nne. Tabaka la kwanza.
Chungu cha ming'oko. Somoe binti Nampunju.
Nikauchomeka katikati ya mingine.

Kesho yake niliukuta peke yake mezani.
Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Hakikuota. Chini ya mwandiko wangu
palikuwa na mwandiko wake, wino uleule:
kina, sifuri hadi sentimita kumi na mbili.
Na kando ya neno ming'oko, alama ya kuuliza.
Yeye ni mtu wa Bukoba, angejuaje.

Ni mizizi, nikamwambia. Ya porini. Huchimbwa.
Akafungua kalamu,
akasubiri niendelee.