Umeridhia?

Pondo nne juu ya paa la Hailaksi,
zimefungwa kwa mashuka ya mama, ncha zimevikwa soksi nyekundu,
kutoka Ibra hadi Bausher.
Pale Bidbid kijana wa pampu aliuliza
tunakwenda kutundika mapazia ya jumba la nani.
Mama akamjibu kwa Kiswahili, kama afanyavyo akiona haya:
"Mwanangu anajivusha hewani, baba."

Kwenye karatasi za shirikisho
mchezo huu una jina refu la Kiarabu.
Nyumbani ni upondo tu,
neno la bibi, lililokuja naye kutoka Chake bila pasipoti.

Na kile kijiti cha juu tunakiita mwamba,
kama mwamba wa goli.
Lakini tazama nyuma ya uwanja:
mwamba hasa ni ule, milima mitupu,
joto la mchana bado limo tumboni mwake.
Huu wetu ukiuchokoza kwa goti, unaanguka.

Magharibi imeshapita, taa zimewashwa.
Jasho halikauki, limekaa tu kama mgeni asiyeaga.
Jukwaani watu arobaini,
thelathini wamefuata mbio za mita mia.
Tulianza watano.
Mita nne ikawatoa wawili, nne na ishirini mmoja,
tukabaki mimi na Yakdhan wa Nizwa,
askari wa anga anayeogopa mende.

Nne na arobaini.
Upondo wake ukajikunja, ukajikunja,
ukalia kama mlango wa chuma uliobamizwa na upepo,
ukawa vipande vitatu.
Yeye godoroni, mzima, anacheka cheko la woga,
kiganja kinavuja damu.

Upondo ukivunjika jaribio halihesabiwi.
Ila ule wake wa pili ulikuwa laini mno,
ungemkunja kama tambi.
Wangu ndio uliomfaa.

Mwamuzi akanijia, ubao kifuani.
Sheria inataka mwenye mali akubali kwa kinywa chake.
"Umeridhia?"

Neno lile lile kadhi alimuuliza dada yangu mwaka jana.
Akanyamaza, na kimya chake
kikahesabiwa kuwa ndiyo.

Kimya changu hakikuwa ndiyo.
Nilikuwa napiga hesabu:
medali, likizo isiyo na mshahara,
miezi kumi na mmoja ya kukimbia alfajiri
na mti begani, mbuzi wa watu wakinishangaa.
Kocha Bushaibu alikuwa anatazama viatu vyake.

Nimeridhia, nikasema,
sauti ikatoka nyembamba, ya mtu mwingine.

Sikuwahi kuuona upondo wangu ukifanya kazi.
Aliye juu yake haoni kitu;
anajua ule mshtuko wa kisandukuni tu,
kisha miguu inatangulia kichwa.
Kumbe unapinda hivi, hadi unatisha.
Kumbe unarudi taratibu,
kama mtu anayeinuka na mtoto mgongoni.
Yakdhan akapita.
Mwamba ukatikisika, ukafikiri,
ukabaki.

Akanirudishia mwenyewe, kwa mikono miwili.
Doa la damu lilikuwa pale pale ninaposhika.
Sikulifuta.

Jaribio langu la tatu.
Nilifika juu, hilo niandikieni.
Nikaona upande wa pili, godoro, kamera moja, mtu akila bisi.
Kisha kitu, kifua au pindo la fulana,
nikateremka na mwamba ukiteremka kando yangu,
sote wawili bila haraka.

Njiani mama hakuitaja fedha iliyo shingoni mwangu.
Tulipopita Bidbid akasema, akitazama dirishani:
"Pale nilipokaa mimi, ulikuwa juu ya milima."
Halafu: "Kupanda unafundishwa. Kule kushuka, nani anakufundisha?"
Nikamwambia, hakuna.
"Basi," akasema, akavua viatu.

Ibra, saa nane za usiku, nikafungua mashuka.
Pondo nne.
Soksi tatu.