Tundika, Tundua

Bi Hilda Raine hunifundisha jikoni kwake,
kijiji cha makaa, si mbali na Durham.
Mgodi ulishafungwa. Mvua bado.
«Hang up,» anasema, akinivua koti lililolowa,
analipachika kwenye kigingi, jirani na la marehemu.
«Hiyo maana ya kwanza.»

Naandika: tundika.

Maana ya pili iko ukumbini,
simu ya ukutani, rangi ya chai ya maziwa,
waya wake umejisokota kama utumbo wa kuku.
«Maneno yakiisha, unaurudisha mkono wake pale juu.
Hang up tena.»
Nacheka. Kwetu simu hukatwa.
«Kwa kisu?»
Sijui, bibi. Hukatwa tu, kama umeme,
kama muwa, kama kauli ya mgonjwa.

Ananyamaza.
Ananimiminia chai ambayo sikuiomba.

Mwaka wa mgomo, themanini na nne,
mume wa mdogo wangu Norah alirudi kazini
ndani ya basi lenye wavu madirishani.
Wilf wangu alikuwa getini na bango,
soksi mbili kila mguu, na tumboni viazi.
Usiku Norah akapiga. Akasema, Hilda, watoto wana…

«Hung,» anasema. «Wakati uliopita.
Kitenzi hiki hakifuati kanuni. Kiandike vizuri.»

Nakiandika vizuri.
Kisha, kwa kukosa la kusema, namfundisha na mimi:
kwetu kitenzi hugeuzwa mkiani, kazi yote ikarudi nyuma.
Funga, fungua. Ziba, zibua.
Angika, angua.
Tundika, tundua.
Ninyi je?

Anawaza mpaka chai inaota utando.
«Hang down? Hapana, hizo ni nywele.
Sisi hatugeuzi, mwanangu.
Tunakwenda kutafuta kitenzi kingine kabisa.»
Anaijaribu mdomoni, tundua,
u ya kwanza imemshinda, ya pili imekubali.

Alhamisi narudi, nimelowa tena.
Koti la Wilf limekunjwa juu ya ngazi.
Mkono wa simu hauko mahali pake,
unaning'inia kwenye waya, unazunguka polepole,
na ndani yake sauti ya kizee: Halo? Hilda? Upo?

Kutoka jikoni miguu ya mbao inaburuzwa sakafuni.
«Ngoja!» anapiga kelele. «Naleta kiti!»