Kapa

Jumanne, saa mbili asubuhi, Pikeville, Kentucky.
Theluji imegeuka tope kwenye ngazi za chuo
na mimi napanga fomu:
mshiriki namba kumi na saba, mwanamume, miaka sabini na moja.
Jina halitakiwi kwenye fomu.
Anaitwa Verlin Ratliff.

Amelala kifudifudi, uso ndani ya tundu la kitanda,
soksi zake za sufi zimetoboka kisigino.
Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaingia mmoja mmoja,
makoti meupe bado yana mikunjo ya dukani.
Wanasugua viganja vipate moto,
kisha vidole vinashuka uti wa mgongo,
pingili kwa pingili, kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Kanuni ya utafiti: mpapasaji haulizi, mpapaswaji hasemi.
Dakika tatu. Saa yangu inalia.

Dhaliwal ameandika: pingili ya nne ya kiuno, imekaza kulia.
Preston: ya tano, kushoto.
Yule binti wa Ohio mwenye mikono ya baridi: hakuna kitu.
Mwingine kapanda juu mpaka kwenye mbavu
akaapa kwamba nyama za pale zinaongea.
Wanafunzi kumi na wawili, mgongo mmoja,
majibu tisa.

Jioni naiachia kompyuta hesabu.
Kuna namba, jina lake kapa,
hupima kama mikono miwili imekubaliana kweli
au imekutana tu, kama wapita njia
wenye miavuli inayofanana.
Moja ni mapatano. Sifuri ni kubahatisha.
Yetu: sifuri nukta sifuri tisa.

Nilicheka peke yangu hadi mfagiaji akachungulia.
Profesa Blankenship akauliza kuna nini.
Nikamweleza: kwetu Kondoa, mtu akienda kudai deni
akarudi na salamu tu,
husemwa ametoka kapa.
Hakucheka. Ameifundisha mikono ya watu
miaka ishirini na sita.
Akatazama viganja vyake, kimoja, kisha cha pili,
kama aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Tutaichapisha hivyo hivyo," akasema.
"Usiguse hata desimali."

Wiki iliyofuata Verlin akaja kuchukua
kadi yake ya dola ishirini.
"Hawa watoto wenu wana adabu," akasema.
"Ila hakuna aliyeniuliza panauma wapi."
Kanuni haikuruhusu, nikamjibu.
"Najua. Nilitia saini."
Kisha, kofia mkononi, akanipa mwaka themanini na saba:
mgodi, zamu ya usiku, jiwe la dari
lenye ukubwa wa friji ndogo.
Alitambaa kutoka. Tangu hapo mvua ikikaribia
yeye huwa wa kwanza kujua.

Safu ya "mengineyo" ina nafasi ya herufi arobaini,
na faili nilikwisha kulifunga.

Tukatoka pamoja hadi maegesho.
Akavua koti katika baridi ile,
akaushika mkono wangu
(mimi si daktari, mimi ni karani wa takwimu)
akauweka mgongoni mwake, juu ya shati la flana.
"Hapa."
Nikasubiri.
Joto lilikuwepo. Pumzi ilikuwepo,
ikipanda na kushuka na mkwaruzo wa makaa.
Fundo, mkazo, uvimbe: sikupata.
Nilimfikiria yule aliyesikia nyama zikiongea
na ulimi ukaniwasha kumuiga.
"Sihisi kitu," nikasema.

Akavaa koti, akapapasa mifuko kutafuta funguo,
akazikuta kwenye mfuko wa tatu.
"Blankenship kanifundisha neno lenu.
Lile la kurudi mikono mitupu."
"Kapa."
"Kaapa," akarudia, akiivuta a ya kwanza
kama watu wa milima ile wanavyovuta,
na gari lake likakohoa mara mbili kabla ya kuwaka.