Shingo ya Kuazima

Zimebaki siku tisa. Juu ya gereji ya Valmir
joto la Manaus limefunikwa kama wali,
nami nimemwazima Jucileide shingo yangu.

"Tena," anasema. Kola ya kimono inanibana,
sabuni ya mche, jasho la jana.
Napiga mkeka mara mbili. Ananiachia.
"Tena."

Goti langu lilikwisha mwaka juzi, sishindani.
Kazi yangu sasa ni kushindwa vizuri:
nisilegee mapema, nisijitie ushujaa,
nichomoke pale pale kiwiko chake kinapozubaa,
ili ajue.

Amezidi gramu mia sita.
Chakula chake cha mchana ni yai moja na hasira.
Saa nane, juani, anakimbia na koti la mvua,
watoto nyuma yake wakiuliza mafuriko yako wapi.
Asubuhi anaparua samaki sokoni,
jioni ananiparua mimi.

Jana sikuuona mkono ukija.
Dari likawa kahawia, likawa dogo, likaenda zake.
Nilipozinduka alikuwa ameinua miguu yangu juu,
anatetemeka: "Mbona hukupiga?"
Nikasema nilisahau.
Kusahau! Mkono wangu ulikuwa bado njiani.

Leo kifungo cha juu cha shati hakifungiki.
Kaniletea uji wa muhogo, mzito, una nazi;
yeye hali, ameketi tu,
anautazama uji kuliko anavyonitazama mimi.

"Tena?" anauliza, polepole.
Namalizia bakuli kwanza.