Kidakio Namba Saba

Siku nne, vidakio kumi na kimoja,
fedha za viwili.
Ndivyo alivyosema Injinia Liyanga pale Newala,
akigonga fomu mezani kama mtu anayepanga karata:
"Msipime kila kitu. Pimeni haraka, pimeni vya kutosha.
Mfadhili anafunga daftari Ijumaa."

Basi tukashuka ukingo wa uwanda,
mimi, Chitanda na pikipiki mbili,
ndoo ya lita kumi, saa, mrija wa kupimia tope
na kurasa tatu za visanduku:
miti ya kingoni, moja hadi tano;
mmomonyoko, moja hadi tano;
mifugo, mashimo ya matofali, matanuri ya mkaa.
Bonde zima, dakika tisini.
Daktari mwenye foleni ndefu hufanya hivyo hivyo:
anakuvuta kope, anatazama ulimi, anaandika.

Chitanda alizaliwa huko juu, kusikopita mto.
Hata leo akinywa maji
hukinga kiganja chini ya kidevu.

Namba tatu, Nanjedya: maji yamejificha chini ya mchanga
kama mdeni.
Namba tano, mikorosho imeteremka hadi mtoni,
salfa imeganda kwenye matete, njano;
tukapiga chafya, tukaandika mbili.

Namba saba ni Mkudumba.
Hapo Bi Somoe Nampunju alitukuta tumekinga ndoo.
Sekunde arobaini na tatu, nikasema.
Akacheka.
"Mwaka ule nilioolewa
ndoo ilijaa kabla sijajifunga kanga vizuri.
Siku hizi naivua, naikung'uta, naikunja,
nasugua na miguu, bado naisubiri."
Fomu haina kisanduku cha kanga.
Niliandika pembeni, kwa penseli.

"Na mkishaandika?"
Nikamweleza, na sikuipenda sauti yangu:
kilicho kizima hakihitaji, kilichokufa hakirudi,
fedha huenda katikati,
kwa kile kinachoumwa lakini ukikiita kinaitika.
"Kuanzia ngapi mnasema kimeitika?"
Mbili na nusu.
Nilikuwa nimejumlisha mara mbili.
Mkudumba ilikuwa mbili nukta nne.

Kilichobaki ni viumbe wa chini ya mawe:
kaa mmoja wa mtoni, nukta moja zaidi.
Kanuni inatoa dakika ishirini za kugeuza mawe.
Dakika ya ishirini Chitanda akaniita.
Ya ishirini na tano akawasha pikipiki,
akanitazama, akaizima.
Bi Somoe alipandisha kanga magotini akaingia majini,
hakuuliza tunatafuta nini,
akawa anainua jiwe na kulirudisha lilivyokuwa
kama anayefunika chungu cha mwenzake.
Dakika ya thelathini na nne:
kaa,
mdogo kama kifungo cha shati la shule,
zambarau iliyokolea, gando moja,
ananitishia kwa hilo hilo moja.

Alikuwepo. Hapo sikudanganya.
Ni muda ndio niliouandika ishirini.

Jumatatu orodha ikatoka.
Mkudumba ya pili, imepita kwa ukucha.
Ya tatu ni namba tisa, Chihanga,
ambako mtoto mmoja, Bushiri, alinichorea njia mchangani
kwa kijiti, kona kwa kona,
akachora mpaka mti wenye nyuki
ili tusipite karibu.
Pale niligeuza mawe dakika ishirini kamili,
nikatazama saa,
nikanawa mikono.